Utamu wa Sardinia uko bara, kwenye mawe

Kwa Mhariri,

Ukurasa wenu wa safari uliisifu Sardinia, kisiwa cha Italia, kwa mchanga mweupe na maji ya samawati, ukakomea hapo. Ni kama mgeni afike Kisumu, ale samaki Dunga, apige picha jua likizama, kisha arudi kwao kutangaza kwamba ameimaliza Nyanza. Pwani inayosifiwa zaidi kisiwani humo, Costa Smeralda, ilikuwa mawe na malisho hadi 1962, Aga Khan wa Nne na wenzake walipoingia kuijenga. Ndiye huyo huyo aliyeasisi kampuni ya magazeti ya Nation huku kwetu. Kabla ya hoteli hizo watu walikuwa wameishi Sardinia maelfu ya miaka, na wengi wao waliipa bahari kisogo.

Sababu mojawapo msomaji wa Kisumu au Siaya ataielewa upesi: malaria. Nyanda za chini zilikuwa vinamasi na mbu, basi vijiji vikapanda vilimani. Kati ya 1946 na 1951 mradi uliofadhiliwa na Wakfu wa Rockefeller ulipuliza dawa ya kuua mbu ya DDT majumbani, mazizini na kwenye madimbwi. Lengo lilikuwa kumaliza mbu wenyewe. Mbu hawakuisha, malaria ndiyo iliyoisha. Fukwe mnazozisifu zimekalika kwa raha tangu hapo tu, lakini vijiji vya zamani, makanisa, mazizi na magofu vimebaki kule kule bara.

Tunaandika kwa sababu wanaopita Italia kutoka pande hizi si wachache: masista na mapadre wanaosoma Roma, wauguzi, wanafunzi, wanariadha, na jamaa wanaokwenda kuwatembelea. Mtu akiwa na siku tano za ziada, mbili zinatosha ufukweni. Tatu azipeleke bara, na ajipange sawasawa, maana bara ya Sardinia haimsubiri asiyejipanga.

Kisiwa kina kilomita za mraba 24,000 hivi, cha pili kwa ukubwa katika Mediterania baada ya Sicily. Kimetapakaa minara ya mawe iitwayo nuraghe, zaidi ya 7,000, iliyojengwa kuanzia miaka ya 1700 hivi kabla ya Kristo. Utaiona ukiwa garini kama mtu wa Nakuru anavyoona vichuguu: mmoja huku, mwingine kilimani, wa tatu katikati ya shamba la ngano. Ilikuwa ngome, makao ya wakubwa au vyote viwili? Wataalamu bado wanavutana. Jinsi ilivyojengwa, hilo mtu hujisomea mwenyewe akisimama ndani, na hapo mtu wa Migori ana faida kuliko mtalii wa Berlin.

Faida hiyo ni Thimlich Ohinga, magofu ya maboma ya mawe, kilomita 46 kaskazini magharibi ya mji wa Migori, iliyoingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Nendeni huko kwanza, hata kama tiketi ya ndege imeshakatwa. Tazameni ukuta wa boma la Kochieng. Hakuna udongo wala saruji, na hakuna msingi uliochimbwa. Mawe makubwa yamepangwa nje na ndani, katikati yakashindiliwa madogo, na ukuta wenyewe hauendi moja kwa moja. Unajikunja na kuegemezwa hapa na pale ili usianguke kwa uzito wake. Milango ni mifupi na myembamba, ina linta za mawe, yaani mawe yaliyolazwa juu ya mlango, na anayeingia lazima ainame. Ukishayaona hayo, nuraghe inakuwa kitabu ulichokwisha kusoma sura yake ya kwanza.

Sura ya pili ni paa. Ukuta wa Thimlich, ambao kwa kimo ni kati ya mita 1.5 na 4.5, haukubeba paa. Mafundi wa Sardinia walifunika kwa mawe matupu. Kila duara la mawe lilisogezwa ndani kidogo kuliko lile la chini yake, hadi juu kabisa shimo likafungwa kwa jiwe moja. Uzito wa nyuma ndio unaozuia jiwe lililojitokeza mbele lisidondoke. Ndiyo maana ukuta wa chini una unene wa mita kadhaa, na humo humo ndani ya unene wakapitisha ngazi ya kuzunguka kwenda ghorofa ya juu. Mkiingia, angalieni mambo matatu. Juu ya linta mara nyingi kuna tundu dogo: limeachwa ili uzito wa ukuta ugawanyike pembeni, linta isipasuke. Mkono wa kulia, hatua chache baada ya mlango, kuna kishubaka cha kumtosha mtu mmoja, inaaminika cha mlinzi. Kisha inueni macho mwone mawe yanavyopungua ukubwa kadiri yanavyopanda. Anayekimbilia juu kupiga picha huyakosa yote matatu.

Mahali pa kuanzia ni Su Nuraxi, nje ya kijiji cha Barumini, mwendo wa saa moja hivi kwa gari kutoka Cagliari, mji mkuu wa kisiwa. Palichimbuliwa na Giovanni Lilliu, mwenyeji wa Barumini, katika miaka ya 1950, na pakaingia katika orodha ya UNESCO mwaka 1997. Mnara wa kati ulikuwa na ghorofa tatu na kimo cha zaidi ya mita 18. Leo zimesalia kama 14. Baadaye ulizungushiwa minara minne, kisha ukuta wote ukavikwa koti jingine la mawe lenye unene wa mita 3 hivi, na mlango ukahamishwa juu, mbali na ardhi. Kwa hiyo leo mgeni hupanda ngazi ya chuma nje, ndipo ashuke ndani hadi kwenye ua mdogo wenye kisima cha karibu mita 20. Mawe ni basalti nyeusi, jamaa wa mawe ya volkeno tunayoyajua Bonde la Ufa.

Huruhusiwi kuingia bila mwongozaji. Makundi huondoka kwa zamu, ziara huchukua kama saa moja, na zamu ya mwisho huondoka mapema kuliko saa ya kufunga iliyoandikwa langoni. Tafuteni maneno ultimo ingresso, yaani kuingia kwa mwisho. Hiyo ndiyo saa inayowahusu. Ngazi za ndani zimebana, zina giza, na jiwe limelainishwa na nyayo. Mwenye magoti mabovu atazame kutoka nje, ambako kuna mabaki ya vibanda vya duara vya kijiji, navyo vinatosha kumshughulisha. Sandali ziachwe hotelini. Begi kubwa la mgongoni pia, kwa kuwa litawakwamisha wanaokufuata.

Tukiambiwa tuchague mahali pamoja tu, hatutachagua Barumini. Tutachagua kisima cha Santa Cristina, karibu na Paulilatino, ambacho kiko kando kabisa ya barabara kuu ya SS131, kwenye kilomita ya 114 hivi kutoka Cagliari. Wanaokwenda mbio bandari ya Olbia hukipita bila kujua. Ni hekalu la maji, la kama miaka 3,000 iliyopita. Juu ya ardhi huoni kitu ila nyasi, mizeituni na tundu lenye umbo la pembetatu. Kisha ngazi inaanza: vidato 25, vipana juu na vyembamba chini, vikishuka hadi majini. Basalti imechongwa kwa unadhifu ambao fundi wa leo mwenye msumeno wa umeme angejisifia. Wembe haupiti kati ya jiwe na jiwe. Kila safu ya ukuta imeingia ndani kidogo kuliko ya chini yake, na dari juu ya ngazi nayo imekatwa vidato, kwa hiyo ukiwa katikati unaona ngazi mbili, moja ya miguu na moja iliyopinduliwa juu ya kichwa. Chumba cha maji kimefunikwa kwa kuba ile ile ya nuraghe, ila juu kabisa wameacha tundu. Siku ambazo mchana na usiku hulingana, mwezi Machi na Septemba, jua hupenya ngazi hadi kwenye maji. Watu hufurika siku hizo. Anayetaka utulivu aje siku nyingine yoyote mara lango linapofunguliwa asubuhi. Atakuwa na kisima peke yake kwa nusu saa.

Hatua chache kutoka hapo kuna kanisa dogo la Mtakatifu Kristina na safu ya vijumba viitwavyo muristenes, ambamo mahujaji hulala siku za novena, sala za siku tisa. Wakatoliki watatabasamu: watu wamekuwa wakija mahali hapo kuomba tangu enzi za shaba, dini zimebadilika lakini njia ni ile ile. Tiketi moja hufungua kisima pamoja na nuraghe iliyoko ng'ambo ya kanisa, msitupe karatasi.

Kuna pia magofu ya Mont'e Prama, karibu na mji wa Cabras. Yalijulikana mwaka 1974 wakulima walipokuwa wakilima na jembe likagonga kichwa cha jiwe. Yakatoka maelfu ya vipande vya sanamu za wapiganaji, warusha mishale na mabondia, nyingine ndefu kuliko mtu. Ziko katika makumbusho ya Cabras na ya Cagliari. Za Cagliari muone mwanzoni mwa safari, pamoja na vile visanamu vidogo vya shaba, maana vinakuonyesha nguo, silaha na hata mfano wa mnara wa nuraghe ulivyokuwa kabla haujabomoka kichwa.

Milimani ni habari nyingine. Kilele cha kisiwa, Punta La Marmora, kina mita 1,834 tu, chini ya Molo kwa mamia ya mita, kwa hiyo urefu hautamtisha mtu wa kwetu. Kinachotisha ni jua na ukavu. Kijiji cha kale cha Tiscali kimejificha ndani ya pango lililoporomoka paa, kati ya Oliena na Dorgali, na hakifikiki ila kwa miguu, kama saa moja na nusu hadi mbili za kupanda kutoka bonde la Lanaittu. Mawe ya chokaa yana ncha, njia imewekewa alama za rangi na vichungu vya mawe, na anayekosa alama moja hupotelea vichakani akidhani yuko sawa, kwa kuwa njia za mbuzi zinafanana na njia za watu. Korongo la Gorropu, lenye kuta zinazofika mita 500, lina mtego wake: kutoka kipito cha Genna Silana unashuka kwanza, na kupanda kunakuja mwisho, mchana, maji yakiwa yameisha. Bebeni lita 3 kwa kila mtu, si chupa moja ya nusu lita. Simu haishiki mtandao bondeni, pakueni ramani mapema. Julai na Agosti yaacheni. Miezi mizuri ni Aprili hadi Juni mwanzoni, na Septemba hadi Oktoba. Usiku wa Aprili huko Fonni, mji wa mita 1,000, utahitaji sweta ya kweli.

Sasa usafiri, ambako ndiko wengi wanakoharibikiwa. Treni za reli kuu zinapita Cagliari, Oristano, Macomer, kisha Sassari na Olbia. Haziingii Barbagia, moyo wa milima. Huko kuna mabasi ya kampuni ya ARST, na siyo matatu: hayasubiri kujaa, na hayarudi kukuchukua. Tiketi hununuliwa kabla ya kupanda, kwenye baa au duka lenye bango la T la tabacchi, yaani duka la tumbaku, kisha hugongwa muhuri kwenye mashine ndani ya basi. Isiyogongwa ni faini hata kama umelipa. Kwenye ratiba kuna maneno matatu ya kukariri: feriale ni Jumatatu hadi Jumamosi, festivo ni Jumapili na sikukuu, scolastico ni siku za shule pekee. Mtu akisoma mstari wa scolastico mwezi wa Julai atakaa stendi hadi jioni. Jumapili vijiji vingi havina basi kabisa, au vina moja.

Gari la kukodi ndilo jibu kwa watu watatu au wanne. Bebeni leseni ya Kenya pamoja na kibali cha kimataifa cha udereva, ambacho AA Kenya, chama cha wenye magari, hutoa. Makampuni hutaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva mwenyewe kwa ajili ya dhamana. M-Pesa haitawasaidia hapo, na kadi ya kawaida ya benki mara nyingi hukataliwa kaunta ilhali mmeshalipia gari mtandaoni. Italia huendesha kulia. Kosa halitokei kwenye msongamano, kwa sababu hapo unafuata wenzako. Linatokea asubuhi ukitoka kwenye kituo cha mafuta au shambani, barabara ikiwa tupu, mkono ukakupeleka kushoto kwa mazoea. Aliyeketi kando ya dereva awe na kazi moja, kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Mikono ya pampu ya petroli huwa ya kijani na imeandikwa benzina. Gasolio ni dizeli. Vijijini mhudumu hufunga mchana na Jumapili, mnabaki na mashine. Mashine hiyo ikimeza noti ya euro 50 na tangi likajaa kwa 35, chenji hairudi. Hutoa risiti tu ya kudai baadaye. Tieni noti ndogo ndogo. Na kilomita 50 za milimani zihesabuni saa moja na robo. Alama za barabarani zilizotobolewa risasi zisiwatie hofu. Ni uhuni wa zamani wa kulenga shabaha, hauwahusu wageni.

Saa zinawachanganya watu wetu kwa njia mbili. Kwanza Italia iko nyuma yetu kwa saa moja majira ya joto na saa mbili majira ya baridi. Pili, wao huandika 13.00, nayo ni saa saba mchana, na ndipo mji hufa. Maduka, makanisa na makumbusho madogo hufunga saa saba hadi saa kumi au kumi na moja. Chakula cha mchana hotelini hutolewa kati ya saa sita na nusu na saa nane na nusu. Ukifika saa tisa utapewa kahawa. Kahawa yenyewe inywe umesimama kaunta, ukiketi bei hupanda.

Mashambani kuna nyumba za wakulima zinazolisha wageni, agriturismo. Mpigie simu mwenyeji siku moja kabla, la sivyo utakuta lango limefungwa, kwa sababu hupika kwa hesabu ya vichwa. Menyu ni moja, huchagui. Mtaletewa pane carasau, mkate mwembamba mkavu: donge husukumwa kama chapati, hutiwa kwenye tanuri kali likavimba kama puto, hutolewa upesi na kupasuliwa kwa kisu vikawa viduara viwili, kisha kila kimoja hurudi motoni kukauka. Wachungaji waliubeba malishoni kwa wiki nyingi bila kuota ukungu. Ukichovywa kwenye mchuzi, ukawekewa nyanya, jibini la kondoo na yai juu, unaitwa pane frattau, na ni chakula cha kushibisha mtu wa jembe. Tahadhari moja ya majira ya kuchipua ni fava, maharage mapana mabichi. Malaria iliwaachia Wasardinia wengi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, na mwenye upungufu huo akila fava damu yake huweza kuharibika ghafla. Upungufu huo upo pia kwetu Nyanza na Magharibi, kwa sababu ile ile. Aliyewahi kuambiwa hospitalini kwamba anao, asionje.

Nuraghe nyingi hazina lango wala tiketi. Ziko ndani ya malisho ya mtu, kisiwani penye kondoo takriban milioni 3. Geti liacheni mlivyolikuta: lililofungwa lifungwe, lililo wazi libaki wazi, pengine mwenyewe anawapitisha kondoo majini. Mbwa wa mchungaji akija akibweka, simameni, msikimbie wala msiokote jiwe, ongeeni kwa sauti hadi mwenyewe atokee. Salamu ni buongiorno kabla ya swali lolote. Anayeanza na swali hujibiwa kwa mkato, kama ingekuwa Kakamega. Jioni kagueni miguu, kupe ni wengi. Na msipande ukuta uliobomoka. Kijiwe kidogo kilichochomekwa kati ya makubwa mawili ndicho kinachoyakaba. Kikichomoka kwa kisigino chako, hutaona chochote siku hiyo. Ukuta utaanguka mvua ya miezi baadaye, na mizizi ya mtini itamalizia. Wanaowaacha watoto wakimbie juu ya kuta za Thimlich wanafanya hivyo hivyo, na tumechoka kuwaambia.

Viza ni ya Schengen, ada ni euro 90 kwa mtu mzima, bima ya matibabu isipungue euro 30,000, na maombi hupokelewa kuanzia miezi sita hadi siku 15 kabla ya safari. Siku 15 ni kamari, pelekeni mapema. Aliyekwisha ingia Roma kihalali hahitaji kibali kingine: treni ya kama saa moja humfikisha bandari ya Civitavecchia, na meli ya usiku humshusha Olbia asubuhi, akiwa ameokoa gharama ya kulala hotelini.

Mkiichapa tena ramani ya Sardinia iliyokuwa kwenye ukurasa ule, Mhariri, kumbukeni kwamba ilikuwa na majina ya pwani tu, katikati ikawa nyeupe kama jangwa. Tieni Barumini, Paulilatino, Oliena, na Torralba, kaskazini, palipo nuraghe ya Santu Antine, ambayo ina korido ndefu ndani ya kuta ya kuwatosha mchana mzima. Isipokuwa Oliena, zote ziko karibu na barabara ya lami isiyo na kona nyingi.

Waongozaji watalii,
Kisumu.